Kingo za Mkate wa Kumimina

Nizwa, 14 Novemba 2024

Shangazi yangu mpenzi Bi Shukriya,

Shikamoo, na shikamoo za siku zote nilizokuwa safarini uzipokee pia, nisije nikaambiwa nimerudi na ada za kigeni. Sisi wazima. Khattab yuko na kazi zake, mama mkwe yuko na magoti yake, anamsimulia kila mgeni anayeingia. Baridi imeanza kuteremka mlimani na watu wa Nizwa wameshatoa majaketi.

Barua hii nitampa Wadhah kesho sokoni akishateremsha garini papa wakavu wa huko kwenu, kwa hivyo ikikufikia inanuka usinilaumu mimi. Zako huja zinanukia udi, na yeye huapa kuwa siku akibeba barua yako watu humuuliza kama anatoka harusini. Khattab ananicheka, ati nani anaandika barua siku hizi. Namwambia shangazi yangu simu haisikii, na ujumbe wa simu anauita makombo.

Sasa Marakesh. Tamima, yule mwenzangu wa ofisini ambaye bibi yake ni wa Pemba, ndiye aliyezikuta tiketi, rahisi mpaka nikaogopa. Maskati mpaka Sharja, Sharja mpaka Kasablanka, halafu treni. Mzigo haumo kwenye bei, basi nilipanda ndege nimevaa nguo zangu zote kama kitunguu, na Tamima viatu vyake vya pili alivitia mifukoni mwa koti. Chumba chetu kilikuwa juu ya paa, choo kina pazia badala ya mlango. Asubuhi tulipewa mkate na zeituni, kesho yake zeituni na mkate. Tulicheka siku zile kuliko mwaka mzima wa ofisini.

Lakini soko, shangazi! Usilipime na letu la Nizwa, unaloingia kwa mbuzi ukatokea kwa halwa na umemaliza. Lile ni vichochoro vinavyozaa vichochoro. Punda wanapita na ngozi mbichi, mwenye punda anapiga kelele "Balak! Balak!" na wewe ujibanze ukutani. Kila kona yuko kijana wa kukwambia njia imefungwa, mfuate yeye. Tulijua ni waongo, na bado tukamfuata mmoja, akatuacha kwenye mtaa wa wapaka rangi, sufu nyekundu zimetundikwa juu zinadondokea mtandio wangu. Hatukujua tulikotoka wala tulikokwenda.

Basi mimi na Tamima tukaanza kugombana kwa Kiswahili, kama ulivyonifunza mwenyewe: sokoni maneno ya siri yasemwe kwa Kiswahili, hapana atakayejua. Nikasema, yule muuza kandili anatutazama sana, uso wake wa mwizi. Na muuza kandili akajibu, "Mwizi si mimi, dada. Mwizi ni huyo aliyewaleta huku."

Kiswahili, wallahi! Niliona haya mpaka masikioni. Anaitwa Maen, alisema alifanya kazi hotelini Nungwi miaka mingi. Akatukalisha, akatumiminia chai ya nanaa, na akaniuliza lile swali letu: "Wewe wa nani?" Na unatujua, tukiulizwa hivyo hatuwezi kujibu nusu. Nikamtajia baba na babu. Nikakutaja wewe, na nyumba yako ya Sur yenye mlango wa kijani karibu na daraja la Ayja. Nikamweleza habari za kaka yenu Hud, aliyetoka nyumbani Unguja mwaka ule wa sitini na nne, kijana wa miaka kumi na minne amevaa koti la babu, asirudi tena. Nikamwambia mlivyokuwa mkimwita Kikoti. Nikamwambia mpaka leo kila Idd unamwekea sahani ya mkate wa kumimina, kingo tupu zilizokauka, kwa kuwa alizipenda kingo. Macho yalimjaa machozi. Mtu hakujui, na anakulilia ndugu yako!

Hakutaka tulipe kitu. Amenipa kandili ndogo ya shaba nikuletee, Wadhah atakukabidhi. Niombee dua, safari imenipa kichefuchefu kisichoisha, nadhani ni zile zeituni.

Mwanao, Mazoon


Sur, 5 Desemba 2024

Mwanangu Mazoon,

Marahaba, na marahaba ya akiba ya safari ijayo, maana nakujua hutatulia. Mimi mzima, ni masikio tu yaliyohama yakaniachia nyumba. Wadhah akipiga honi siisikii, hukaa juu dirishani nikiliona gari namgongea kioo kwa pete ya mama mpaka asimame. Jirani yangu Kaltham anakusalimu. Paka wake amezaa tena, na kila mara anashangaa kama vile ni mara ya kwanza duniani.

Kandili nimeipata. Ni nzuri. Nimeitia sandukuni na itakaa humo humo, sipendi kuwasha kitu ambacho sijakilipia.

Kinywa jumba la maneno, Mazoon, na jumba lako halina mlango. Umeniandikia kurasa nne. Umenieleza alivyomimina chai na alivyolia. Jambo moja hukunieleza: yeye ni wa nani? Sisi tukiulizwa tunajibu, kisha na sisi tunauliza, ndiyo ada. Wewe ulijibu. Uliuliza?

Na habari za kaka yangu, nani alikutuma ukazitandike dukani? Mimi nikizisimulia hapa wewe huwa unatazama simu, mama yako alikuwa akikutazama wewe, na baba yako, Mungu amrehemu, akisema dada, yaliyopita yamepita. Sikujua kama unasikia. Na hukusikia vizuri, lakini hayo tutayazungumza ukija.

Hicho kichefuchefu chako si zeituni. Nenda kapime.

Shangazi yako, Shukriya


Nizwa, 20 Januari 2025

Shangazi yangu mwaguzi,

Shikamoo. Si zeituni! Daktari amesema mwezi wa saba, inshallah. Khattab amempigia simu kila mtu mkoa mzima wa Dakhiliya, na mama mkwe amesahau magoti kwa siku mbili. Nimelia, nimecheka, nimekula ndimu na chumvi. Wewe ndiye wa kwanza kujua na ndiye wa mwisho kuambiwa, kwa kuwa Wadhah gari lake lilikuwa gereji mwezi mzima.

Ulichoniuliza: hapana, sikumuuliza. Nilikuwa nataka kumuuliza lakini alikuwa anamimina chai. Mtu wa watu yule, usimdhanie vibaya. Ananiandikia kwenye simu mara kwa mara, anakusalimu. Juzi aliuliza kama mlango wako bado wa kijani, nikamwambia ndiyo, na shangazi anaupaka upya kila mwaka.

Uniambie udi gani wa kufukizia nguo za mtoto. Nataka ule unaoupika mwenyewe kwa sukari na marashi, sitaki wa dukani.

Mwanao na nusu, Mazoon


Sur, 26 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba, na Mwenyezi Mungu akuteremshie salama. Udi nitaupika, na mtoto hatafukizwa kwa udi wa mtu mwingine mimi nikiwa hai. Ramadhani imeshatubishia hodi, sambusa nimezikunja nyingi kuliko midomo iliyopo.

Midomo imeongezeka. Kaa kitako, Mazoon.

Amekuja, yule wako wa kandili. Alibisha nisisikie. Kaltham anasema alimwona amesimama mlangoni kwangu tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, hakuondoka, hakukaa chini. Nilipotoka kumwagia maji miti yangu nikamkuta. Mtu mzima wa miaka arubaini hivi, na katika joto la Sur amebeba koti kuukuu mkononi. Akasema, "Shangazi, mimi mwana wa Kikoti."

Jina hilo hakuna mwingine aliyelitaja mlangoni kwangu tangu alipokufa mama. Anasema Hud alichukuliwa na meli ya mizigo, akashukia Maghribi, nchi ya hiyo Marakesh yako, akaoa huko, akafa miaka mitano nyuma. Usiku ule ule nikawasha mkaa, nikampikia kumimina. Alikula. Alisema maneno yake juu ya mkate, na mimi nikamwongezea kipande. Mengine nitakwambia siku nyingine.

Amelala chumba cha baba yako. Nakusikia unavyosema moyoni, nyamaza kwanza. Jana tulikaa mpaka saa sita ya usiku, yeye anauliza na mimi nasimulia: Hud alivyokuwa akicheka, alivyoogopa bata, alivyonibeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani mvua ikinyesha. Hakutazama simu hata mara moja. Nina furaha, Mazoon, na ni zamani sijaandika neno hilo.

Shangazi yako, Shukriya


Nizwa, 10 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Sote tunafunga isipokuwa mimi niliyekatazwa. Tumbo linaonekana, Khattab anaongea nalo.

Sijui niliseme vipi hili usikasirike. Kila alichokwambia mtu huyo nilimwambia mimi. Kikoti nilimwambia mimi. Mlango wa kijani, mimi. Kumimina, mimi. Hata koti lile, makoti ya mitumba kama lile niliyaona Marakesh yamerundikwa chini kama magunia. Angekuwa mtoto wa Hud angeniambia pale pale dukani, nilipolitaja jina. Kwa nini alilia tu akanyamaza? Na aliniambia Kiswahili alijifunza hotelini Nungwi. Au sasa anasema alijifunza kwa baba yake?

Nimemwandikia kwenye simu. Namba yake haipokei tena.

Mtoe, nakuomba. Mpe chai, mpe nauli, mwambie ndugu zako wanakuja. Au niambie nije sasa hivi, tumbo hili hili. Naogopa, shangazi. Usiku nashtuka namwona amesimama mbele ya mlango wako, na wewe huko ndani husikii.

Mwanao, Mazoon


Sur, 4 Aprili 2025

Mazoon,

Marahaba. Idd imepita salama. Watu walikuja, wakala, wakaondoka mapema.

Maen alikaa kwenye kiti cha baba na kupokea wageni. Sahani ya Hud niliiandaa kama desturi, akaila yeye. Alisema hakuna haja ya kumwekea sahani mtu ambaye damu yake imesharudi nyumbani. Watu walisema mashallah.

Ananisaidia sana. Ameutia mlango wangu kitasa kipya, kile cha zamani alisema hakifai. Amemwomba Kaltham asiwe anapitia ua wa nyuma kama zamani, aje kwa mlango wa mbele na awe ameulizia kwanza. Mimi siku hizi nakaa juu tu, ngazi zinanichosha. Wadhah akija, yeye ndiye anayeteremka. Barua zako anazipokea na kunisomea kwa sauti kubwa nisikie.

Ile yako ya Machi aliisoma pia, yote, mpaka mwisho. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akaikunja vizuri sana, akaitia mfukoni mwa koti.

Usije mpaka nikuite. Nakwambia kama shangazi yako na kama mtu aliyekulea. Hali yako hairuhusu.

Shukriya


Nizwa, 25 Mei 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Namsalimu pia Kaka Maen, najua yeye ndiye anayekusomea. Nashukuru anavyokuangalia. Ile barua ya Machi nisameheni nyote wawili, mwanamke mwenye mimba huota mengi.

Mimi nimelazwa kitandani, daktari hataki niteremke hata kwenda jikoni. Shinikizo la damu limepanda. Nahesabu matofali ya dari, na mama mkwe ananisomea Yasini akisinzia katikati.

Khattab alirudi kutoka kwenu amefurahi. Anasema kahawa ya Kaka Maen haina mfano, na hakumwacha aondoke bila samaki. Anasema ulikuwa umekaa kimya umetabasamu, umependeza, umepungua kidogo. Nimemwambia ni joto.

Nasikitika Kiswahili cha Khattab kinaanzia na kuishia kwenye "karibu chakula." Mungu akinijaalia na mtoto nitamfunza yeye mapema.

Shangazi, ile barua yako ya Aprili ilinukia udi kama kawaida. Nimeiweka chini ya mto. Niandikie nyingine.

Mazoon


Sur, 20 Juni 2025

Mazoon, mwanangu wa pekee,

Natumai umeufungua mkebe huu mtoto akiwa mkononi. Udi ni ule uliouomba, nimeupika mara ya mwisho mkaa ulipokuwa bado ni wangu. Barua iko chini yake. Yeye yuko msikitini na mlango ameufunga kwa nje. Nitamteremshia Kaltham mkebe kwa kikapu na kamba dirisha la nyuma, yeye atampa Wadhah, kama tulivyokuwa tukifanya Malindi ya Unguja tukipeana maandazi.

Nilijua tangu usiku wa kwanza.

Nilipompa kumimina, alizimega kingo akazila mbele, akasema, "Baba alikuwa akizipenda hizi kuliko mkate wenyewe." Mazoon, Hud hakuzipenda kingo. Zilikuwa zinamchoma ufizi. Mwenye kuzipenda ni mimi. Yeye alikuwa akizimega zake zote na kunipa, na siku ile alipotoka na koti la baba, mama alikuwa ameshika mkate, na Hud akaniambia, "Niwekee kingo zangu, nikirudi nikumegee." Sahani ile si chakula chake. Ni kingo zangu zinazomngoja aje anipe kwa mkono wake. Nimelisimulia hilo kila Idd tangu unatambaa, na wewe ulichukua nusu, ukaipeleka Marakesh, na hiyo nusu ikanirudia kwenye kinywa cha mtu mwingine. Kosa lako mwenyewe, neno kwa neno.

Kwa nini sikumtoa? Utaniuliza, na nitakujibu. Kwa sababu aliniuliza Hud alikuwaje. Ninyi nyote mlichoka naye. Sikuwalaumu, mfu wa mtu hachoshi ila watu wengine. Nikasema, acha awe mwongo, angalau ananisikiliza, mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilipita nikiwa katikati ya hadithi. Nilipokwisha kusimulia nikatazama, nikaona funguo hazimo kiunoni mwangu.

Hajaniomba hata baisa moja ya pesa. Hajaomba karatasi ya nyumba wala dhahabu ya mama. Hicho ndicho kinachonitisha, sijui anataka nini. Anakaa kwenye kiti cha baba amevaa koti, jua la saa nane, jasho linamtoka, anatazama mlango. Sasa ameacha kuuliza habari za Hud. Ananisimulia yeye. Nikimwambia haikuwa hivyo, anasema, "Umesahau, shangazi." Juzi nilimwita kwa jina lake, akasema, "Niite Kikoti."

Khattab alipokuja nilimshika mkono nikampa maneno machache ya Kiswahili: kingo zilikuwa zangu. Maen alikuwa hapo hapo, na hakuyaelewa, maana hakujua kama ana kosa. Nilidhani wewe ukiyapata utafikiri, utakumbuka, utakuja. Barua yako ilipokuja bila ya kuyataja nilijua hayakufika.

Wiki iliyopita alinipiga picha ya pasi ya kusafiria. Anasema tutakwenda kulizuru kaburi la kaka yangu. Sasa nakuita. Njoo, ukiweza.

Shangazi yako, Shukriya


Sur, 27 Julai 2025

Mpendwa Mazoon,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa, afya yangu ni nzuri sana. Nimepokea habari za kujifungua kwako mtoto wa kiume na nimefurahi mno. Hongera nyingi kwako na kwa mume wako. Ningependa mumwite mtoto jina la Maen, kwa heshima ya ndugu yako ambaye ananihudumia usiku na mchana.

Nataka kukujulisha kwamba mimi na Maen tunasafiri kwenda Marakesh mwanzoni mwa mwezi wa nane. Tiketi zimepatikana kwa bei rahisi. Ni safari fupi tu ya kuzuru kaburi la kaka yangu mpenzi. Hakuna haja ya kubeba mizigo. Usisumbuke kuja, wewe uko katika arubaini na ni vibaya mzazi kutoka.

Leo nimepika mkate wa kumimina na nimemwekea Hud sahani yake, zile kingo alizozipenda.

Wako akupendaye,
Shangazi Shukriya


Njiani, 2 Agosti 2025

Maen,

Barua hii haina salamu. Naiandika kwenye gari la papa la Wadhah, mwanangu amelala mapajani, na Khattab yuko nyuma yetu kwa gari lake pamoja na polisi aliyekubali kuja kusikiliza. Arubaini yangu haijatimia. Mama mkwe alisimama mlangoni akanizuia kwa mikono miwili, akaniambia kaburi la mzazi huwa wazi siku arubaini. Nikamwambia shangazi yangu ananingoja.

Barua yako ilifika juzi. Kwa mazoea niliipeleka puani kabla ya kuifungua. Haikunukia kitu. Niliisoma, nikaambiwa hujambo na mtu ambaye maisha yangu yote ameniitikia marahaba, na moyo ukanikaa vibaya bado sijajua kwa nini. Nikamwambia mama mkwe aniletee ule mkebe uliokuwa kabatini tangu Juni, angalau ninuse udi wa shangazi. Chini ya udi nikakuta karatasi.

Nilimwuliza Khattab. Akajipiga kipaji. Ndiyo, alipewa maneno, akayarudia njiani mpaka Ibra, akasimama kutia mafuta, alipotoka hapo yalikuwa yameshamtoka. Aliona haya kuniambia.

Sikia basi, kwa kuwa unapenda kusikiliza. Mimi ndiye niliyekupa Hud, nikakupa kwa kikombe cha chai. Nilikupa kitu ambacho sikuwa nacho, kwa sababu nilikipokea nusu, macho yangu yakiwa kwenye simu. Wewe umekaa miezi mitano kwenye kiti cha babu yangu na hujui mpaka leo kingo zilikuwa za nani. Sikwambii. Hiyo ni ya mwanangu, naye anaitwa Hud.

Tumefika. Mlango wako wa kijani, nasema wako kwa kuwa kitasa ni chako, umefungwa. Ndani ya dirisha la chini naiona kandili ya shaba imewashwa mchana kweupe. Nje pana mfuko mmoja mdogo, wa mtu mmoja. Khattab anabisha. Polisi anabisha. Hupendi kufungua, na yeye hodi haisikii, ndivyo ulivyopanga.

Lakini pua yake haijahama. Wadhah ameniwashia mkaa, na nimeutia udi wote wa mkebe kwenye chetezo, wote, wa arubaini nzima. Nimekiweka kizingitini. Moshi unapita chini ya mlango, na barua hii nitaipenyeza nyuma yake ili uwe na kitu cha kusoma. Moshi unapanda ngazi sasa, huwezi kuukunja ukautia mfukoni.

Kaltham ametoka kwake, amesimama nasi, analia. Mtoto ameamka. Naandika haraka, goti langu ndiyo meza.

Wadhah ameninyooshea kidole juu dirishani. Nyamazeni, nimewaambia wote, nyamazeni. Kwenye kioo, nasikia pete.